Kuteremka Mlima kwa Baisikeli: Tuanze na Tairi la Mbele

Maneno haya yalisemwa na fundi mmoja wa baisikeli mbele ya wajumbe wa vikundi vya kujisaidia waliokutana Spring Valley, Nairobi. Wajumbe wengi waliomba nakala wakawasomee wenzao nyumbani. Tumeyaacha jinsi alivyoyasema, ila tumeyafupisha kidogo.

Niliambiwa niongee dakika ishirini, na fundi hajui kuongea akiwa mikono mitupu, ndiyo sababu nimekuja na haya matairi. Yale ya mezani ni mazuri. Haya yaliyo hapa chini ni mabovu. Na hili moja nililoshika si bovu sana ukiliangalia, lakini nimeliweka tangu mwaka wa 2019, na nitawaeleza kwa nini sijalitupa.

Kazi yangu iko hapa hapa Spring Valley, kando ya barabara ya Lower Kabete, chini ya mti. Siku za kazi wateja wangu ni askari wa malango, watunza bustani, wapishi, na vijana wanaoleta maziwa na mboga kutoka upande wa Kabete na Wangige. Baisikeli zao ni Black Mamba, ama mitumba ya kila aina. Jumamosi napata watu wengine kabisa. Hao wana baisikeli za mbio, nyepesi hata mtoto anainua. Wanapanda mpaka Limuru na Tigoni, wanaingia zile barabara za vumbi za mashamba ya majani chai, halafu wanateremka. Mchana wanarudi kwangu, tairi limepasuka ubavuni, ama mwenyewe amechubuka kiwiko na hataki kuulizwa.

Zamani nilifikiri shida za hawa wa Jumamosi na shida zetu sisi wa Jumatatu ni mbali mbali. Sivyo. Mteremko usio na lami haujui baisikeli ilinunuliwa kwa pesa ngapi.

Tena siku hizi tumekaribiana zaidi. Vikundi vingi vyenu, kutoka Lari, Limuru, Kikuyu, hata Ngong, mmeanza kununua hizi baisikeli za mbio za mtumba. Siwalaumu. Sisi tunakaa kwenye migongo na mabonde. Limuru iko juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na hapa mjini ni kama mita 1,700, kwa hiyo ukishuka na mboga asubuhi lazima upande jioni. Black Mamba ni ng'ombe wa kulima, ana nguvu lakini kumpandisha mlima ni taabu. Baisikeli ya mbio inapanda vizuri. Shida inakuja wakati wa kushuka, kwa sababu ile baisikeli ilitengenezwa kwa lami, na matairi yake ni membamba kama kidole.

Sasa nieleze habari ya tairi hili.

Mimi ni mzaliwa wa Lari. Kikundi chetu kule kilikuwa na kuku wa mayai. Mwaka wa 2019 mayai yalijaa huku juu, bei ikaanguka, tukasikia kwamba chini huko Mai Mahiu, kwenye hoteli za madereva, mayai yananunuliwa vizuri. Tukachukua pesa za mzunguko wetu, ile merigoraundi ya kila mwezi, tukanunua baisikeli mbili za mbio. Kijana aliyepewa kazi ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu. Kwa sababu mimi ndiye fundi, nikaambiwa nizitayarishe.

Nilikuwa na tairi jipya moja tu kwa ile baisikeli yake. Nikaliweka nyuma. Kila fundi ninayemjua angefanya hivyo, kwa sababu tairi la nyuma ndilo linaloisha haraka na ndilo linalobeba mzigo. Mbele nikamwachia hili, la mtumba, upana wake milimita 23, uso umelainika kama kisigino cha mzee. Nikapiga pampu mpaka kidole gumba hakiingii hata kidogo. Nikaligonga kwa spana likalia kama ngoma. Nikajivunia kazi yangu.

Siku ya tatu, kwa ile njia ya vumbi inayoshuka ukingo wa Bonde la Ufa, kijana aliingia kona. Si kwa mwendo wa kichaa. Changarawe ilikuwa imekusanyika pale ukingoni kama mahindi yaliyoanikwa. Gurudumu la mbele likaondoka chini yake, akaanguka kwa bega. Alivunjika mtulinga na akapoteza meno mawili. Trei sita, mayai 180, yote yakaishia pale barabarani. Kikundi kilichanga pesa ya hospitali, mzunguko ukasimama miezi minne. Kulikuwa na mama mmoja ambaye zamu yake ilikuwa mwezi uliofuata, alikuwa anaingojea alipe karo ya kidato cha kwanza. Sitasema zaidi juu ya hilo.

Hakuna aliyenilaumu. Mpwa wangu mwenyewe alisema ni changarawe, na wengine wakasema ni bahati mbaya. Lakini mimi nilipoletewa baisikeli nililishika tairi la mbele kwanza. Halikuwa na pancha. Halikuwa limepasuka. Lilikuwa bado limejaa upepo, gumu kama nilivyoliacha. Hapo ndipo nilijua kwamba aliyemwangusha ni mimi.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiuliza na kujaribu. Hao watu wa Jumamosi wamenifundisha mengi, maana wengine wao husoma sana habari hizi. Nitawaambia yale niliyoyahakikisha kwa mkono wangu.

Jambo la kwanza ni hili: nyuma ikiteleza, mara nyingi unaweza kuweka mguu chini, baisikeli inachora mstari kwa vumbi na mnacheka. Mbele ikiteleza kwenye kona, huna nafasi hata ya kusema jina lako. Tena mnaposhuka na kufunga breki, uzito wote unakimbilia mbele. Kwa hiyo tairi zuri liende mbele. Kama una pesa ya moja tu, lile jipya liende mbele, lile lililokuwa mbele lirudi nyuma likamalizie maisha yake huko, na lile la nyuma lililoisha uwape watoto. Najua inaonekana kinyume. Nimebishana na mafundi wenzangu juu ya hili mpaka chai ikapoa.

Jambo la pili ni upepo. Sisi tumelelewa tukiambiwa tairi gumu ni tairi salama. Kwa lami, na kwa gunia la viazi nyuma, kuna ukweli fulani. Kwa changarawe ni kudanganyana. Angalieni hesabu hii, si ngumu. Tuseme gurudumu la mbele linabeba kilo 40. Upepo wa pauni 100, vile nilivyokuwa nimeweka, ni kama kilo 7 kwa kila sentimita mraba. Gawanya 40 kwa 7. Unapata sehemu ya raba inayogusa ardhi isiyofika sentimita mraba 6. Nani ana sarafu ya shilingi 20? Shika hiyo. Kijana wangu alikuwa ameshikwa na dunia kwa kitu cha ukubwa huo.

Sasa punguza upepo mpaka pauni 40. Ile sehemu inayogusa inakuwa kama sentimita mraba 14, karibu inafika sanduku la kibiriti. Tena tairi laini linapokuta jiwe linalimeza kidogo, lile gumu linaruka. Na gurudumu lililo hewani halina breki wala usukani.

Lakini ngojeni, msikimbie nyumbani kutoa upepo. Ukitoa upepo kwa tairi jembamba la milimita 23, rimu itagonga jiwe, itabana tyubu katikati, na utapata matundu mawili yaliyokaa pamoja kama alama ya meno ya nyoka. Wengi wenu mmeyaona mkafikiri ni miba miwili. Si miba, ni upepo mchache. Tairi jembamba halikupi nafasi ya kuchagua: ukijaza linateleza, ukipunguza linapasua tyubu. Ndiyo maana upana unakuja kabla ya kila kitu kingine, hata kabla ya vijino. Tairi pana lina nafasi ya upepo mwingi, basi hata ukiwa na presha ndogo bado linailinda rimu.

Pana kiasi gani? Jibu langu ni moja: pana kadiri fremu inavyokubali. Hizi baisikeli za mbio za zamani, zenye breki fupi zinazobana rimu kutoka juu, nyingi hukubali milimita 25, nyingine 28, basi. Zile za safari, zilizokuja na vishikio vya madigadi na breki za mikono miwili kando ya rimu, mara nyingi hukubali 32, 35, hata zaidi. Za kisasa zenye breki za sahani hupewa nafasi kubwa. Usiamini maneno ya muuzaji. Chukua kalamu ya risasi. Ukishafunga tairi na kulijaza, pitisha kalamu kati ya tairi na uma wa mbele, kisha juu chini ya breki, kisha nyuma karibu na pedali pale fremu inapobana. Ikipita kote, umepata. Isipopita, wakati wa kiangazi labda utaendesha, lakini mvua ikinyesha utajua.

Kwa nini nataja mvua? Kwa sababu ya udongo wetu. Huu wa Kabete na Kikuyu mnaujua, ule mwekundu, wenye rutuba, unaoshika kiatu mpaka unakuwa mrefu kuliko mwenzako. Ukiloa unajibandika kwa tairi, unajaza ile nafasi chini ya breki, na gurudumu linakataa kuzunguka. Nimeona mtu amebeba baisikeli begani kutoka Wangige kwa sababu hiyo, na baisikeli imekuwa nzito mara mbili.

Mtu wa uzito wa kilo 65 hadi 70, bila mzigo mkubwa, mimi humwanzishia hivi. Tairi la milimita 28, pauni kama 70 nyuma na 60 mbele. La 35, pauni 45 nyuma na 38 mbele. Mbele iwe laini kuliko nyuma siku zote. Mwenye mzigo aongeze nyuma, kwa sababu keria iko nyuma. Halafu mwende mjaribu kwa njia yenu wenyewe. Ukisikia rimu imegonga jiwe, ongeza pauni tano. Ukihisi usukani unatetemeka na tairi linarukaruka, punguza tatu. Na msitoke nje ya mipaka iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, wala juu wala chini.

Mtaniuliza, fundi, hizo pauni tutazijua vipi? Kwa kidole hamtazijua. Hata mimi sizijui, na kidole changu kina miaka 24 ya kazi. Ikipita pauni 50 hivi, kidole kinaona yote ni mawe. Ni lazima pampu yenye geji. Ni ghali kwa mtu mmoja, lakini hapa ndipo kikundi kina faida: nunueni moja, iwekwe kwa mweka hazina, kila mtu ajaze asubuhi kabla ya kutoka. Ikizidi kuazimwa azimwa, wekeni daftari.

Jambo lingine linalotupotezea pesa sana ni nambari. Naomba mnisikilize hapa, kwa sababu kila wiki napokea mtu amenunua tairi lisiloingia, na muuzaji amekataa kulirudisha. Majina haya ya inchi yanadanganya. Black Mamba huitwa 28. Baisikeli ya mbio pia watu wengine huiita 28. Lakini si ndugu. Ubavuni mwa tairi, tafuteni nambari mbili zenye kistari katikati. Ya Black Mamba ni 40-635. Ya mbio ni kama 23-622 au 28-622. Nambari ya kwanza ni upana kwa milimita. Ya pili ni kipenyo cha rimu mahali tairi linapokaa. Ile ya pili lazima ifanane kabisa na ya rimu yako. Kati ya 635 na 622 ni milimita 13, na hakuna spana duniani itakayozifanya zikubaliane. Ukilazimisha kubwa kwa ndogo litaruka nje ya rimu, na likiruka ukiwa mteremkoni, shauri yako.

Na za 26 ni vivyo hivyo. Kuna 26 ya baisikeli ya mlima, ambayo ni 559, na kuna 26 ya baisikeli za zamani za kina mama, ambayo ni 590. Halafu kuna hizi mbio za zamani zilizoandikwa 27, ambazo ni 630, karibu sana na 622 lakini si hiyo. Hiyo imewatoa watu wengi machozi. Andikeni nambari yenu kwa karatasi, au kwa simu, kabla ya kupanda matatu kwenda mjini.

Vijino sasa. Najua vijana wanavipenda kwa sababu vinaonekana vikali. Vina kazi, lakini si kila mahali. Njia ikiwa ngumu na kavu, imekanyagwa na magari, tairi pana lenye uso karibu laini linashika vizuri kabisa, na halikuchoshi ukirudi kwa lami. Changarawe ikiwa imelegea, vijino vya pembeni ndivyo vinavyokusaidia kwenye kona, kwa sababu baisikeli inapolala ndivyo vinavyogusa. Vya katikati vinaweza kuwa vidogo. Kwa matope ya udongo mwekundu unataka vijino vilivyoachana, ili matope yapate pa kutokea. Vikikaa karibu karibu vinajaa, na baada ya mita 50 una tairi la matope lisilo na kijino hata kimoja. Kwa wengi wenu mnaotumia lami kidogo na vumbi kidogo kila siku, tafuteni lile la uso wa katikati laini na vijino vifupi pembeni. Liwekeni jinsi mshale wa ubavuni unavyoonyesha.

Ubavu wa tairi pia muuangalie. Kwenye ule ukingo wa Bonde la Ufa kuna mawe yenye makali, na yanakata ubavu, hayatoboi uso. Tairi la mbio limeshonwa kwa ubavu mwembamba ili liwe jepesi. Ukinunua mtumba, likunje kwa mkono. Ukiona mipasuko midogo midogo kama ardhi ya kiangazi, raba imekufa, liache hata kama uso unaonekana mpya. Ubavu ukikatwa njiani, kata kipande cha tyubu ya dawa ya meno, kisafishe, ukiweke ndani kati ya tyubu na tairi. Kitakufikisha nyumbani. Lakini ni cha kukufikisha nyumbani, si cha kwenda nacho kanisani, sokoni na arusini mwezi mzima!

Watu wa Jumamosi walinihadithia jambo moja lililonifurahisha. Huko California, Marekani, kuna mlima unaitwa Tamalpais. Mwaka wa 1976 vijana wa pale walianza mashindano ya kuteremka njia moja ya vumbi, kushuka karibu mita 400 kwa kilomita zisizofika nne. Na baadhi yao walikuwa waendesha baisikeli za mbio kabisa, za lami. Lakini kwa mteremko ule waliacha hizo nyumbani wakaenda kutafuta mabaisikeli ya zamani, mazito, ya miaka ya thelathini na arobaini, yaliyotumiwa na watoto kupeleka magazeti. Kwa nini? Matairi! Yalikuwa ya inchi mbili na kitu. Kutoka kwa yale mabaisikeli ya takataka ndiko kulitoka hizi mnazoita baisikeli za mlima. Kwa hiyo mtu akicheka Black Mamba yako ya tairi nene, mwambie watu walipata utajiri kwa wazo hilo.

Kuna kisa kingine cha mashindano yale. Breki zao zilikuwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, na zilichemka mpaka grisi ikageuka moshi. Kila baada ya kushuka ilibidi wafungue na kupaka grisi upya. Ile njia wakaiita kwa jina la kazi hiyo, Repack.

Breki zetu nazo zinachemka, ila kwa njia nyingine. Breki ya mpira inabana rimu, rimu inapata moto, moto unaingia kwa tairi na upepo unapanda presha. Mkishuka mteremko mrefu mkiwa mmefinya breki bila kuachia, na mna mzigo, tyubu inaweza kupasuka hapo hapo. Fungeni kwa nguvu kidogo, achieni, fungeni tena, mbele na nyuma kwa zamu, na kabla ya kona, si ndani ya kona. Mteremko ukiwa mrefu simameni, mnywe maji. Na mkiweka tairi pana hakikisheni raba ya breki haigusi ubavu wa tairi. Ikigusa itautoboa kabla hamjafika chini.

Jambo moja la huzuni, kisha maswali. Wengi mnamkumbuka Sule Kangangi, nahodha wa timu ya Amani, kijana wetu Mkenya aliyekuwa akiwafungulia njia wenzake wa Afrika Mashariki katika mashindano ya barabara za changarawe. Tarehe 27 Agosti 2022 alianguka katika mashindano huko Vermont, Marekani, akafariki. Alikuwa na miaka 33. Simtaji ili kusema habari ya tairi lake, hiyo si yangu. Namtaja kwa sababu huyo alikuwa stadi, na vifaa alikuwa navyo. Mkimpa kijana wa miaka 19 baisikeli ya kikundi na trei za mayai, mkamwambia awahi soko, mkumbuke mnamwambia nini.

Haya, maswali.

(Mama mmoja kutoka Ngong aliuliza kama Black Mamba yao ibadilishwe matairi iwekwe ya vijino.) Mama, hapana. Hiyo 40-635 ina aina chache sana madukani, na upana unao tayari. Shida ya Black Mamba kwa mteremko ni breki za vyuma na rimu ya chuma inayong'aa. Ikiloa haishiki. Mvua ikinyesha, fungeni breki mapema zaidi ili maji yafutike kwanza, na kwa mteremko mkali shukeni mtembee. Pesa ya matairi ya vijino nunueni raba nzuri za breki.

(Kijana wa Kikuyu aliuliza habari ya matairi yasiyo na tyubu, yanayotiwa maji ya gundi ndani.) Hayo ni mazuri kwa mteremko, kweli kabisa, kwa sababu unaweza kutumia upepo mdogo na hakuna tyubu ya kubanwa. Lakini rimu lazima iwe imetengenezwa kwa kazi hiyo, na tairi pia. Usichukue rimu ya mtumba ukafunga utepe ukajaza gundi kwa sababu umeona mtu amefanya. Na ile gundi hukauka, lazima iongezwe kila baada ya miezi michache. Kwa kikundi, tyubu mbili za akiba na viraka vinatosha.

(Mzee mmoja aliuliza kama inafaa kuweka tairi la upana mwingine mbele na mwingine nyuma.) Inafaa kabisa, mzee wangu, mradi lile pana liwe mbele. Mara nyingi fremu inabana kule nyuma karibu na pedali, lakini uma wa mbele una nafasi zaidi. Usiogope zikiwa hazifanani.

(Mwishowe dada mmoja aliuliza kama yule mpwa bado anaendesha.) Anaendesha, dada. Mtulinga ulipona, umebaki na nundu kidogo. Baisikeli yake nilimtafutia nyingine, ya safari, mbele ina 35, nyuma 32. Anashuka Mai Mahiu mara mbili kwa wiki na mayai yanafika. Ile kona anaishuka kwa miguu, akisukuma, hata siku ya kiangazi njia ikiwa kavu kama meza hii. Nilimwambia kwamba kwa tairi lile angeweza kuipita polepole bila shida. Akaniangalia tu. Sijamwambia tena.